Maneno Ambayo Ronah Aliyaruka

Kila jioni akitoka shuleni, Ronah alivua sare na kuitundika msumarini, akaenda bombani kuchota maji, akaosha sufuria, kisha akaketi barazani na daftari lake la hesabu. Bibi Alisi alikuwa hapo karibu akichambua maharage. Nyumba yao ilikuwa Bwera, kando ya barabara inayoteremka hadi Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Malori yalipita hapo kutwa nzima, na kila moja lilipopita vikombe vilitetemeka kabatini.

“Umekula?” Bibi aliuliza kila siku.

“Ndiyo, Bibi.”

“Umepita pembeni, mbali na malori?”

“Ndiyo, Bibi.”

Ronah alikuwa na miaka kumi na miwili, na maswali hayo yalimchosha.

Bibi alikuwa mtu wa Kyarumba, huko juu milimani. Goti lake lilipoanza kuvimba, njia zile za mteremko zilimshinda, ndipo akaletwa Bwera kwa mwanawe, baba yake Ronah. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomfurahisha zaidi ya dawa za goti. Bwera simu zilishika vizuri, na kila Jumamosi simu ya mama yake Ronah ilileta ujumbe kutoka Uingereza.

Ujumbe huo uliandikwa na Barbara. Baba yake, Syahuka, alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Alikwenda Uingereza kufanya kazi hospitalini, akaoa huko, na miaka miwili iliyopita akaugua na kufariki. Barbara alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kukanyaga Uganda, na hakujua Lhukonzo, lugha ya nyumbani kwa Bibi, wala Kiswahili. Bibi naye hakujua Kiingereza. Mama Gorret, mama yake Ronah, aliuza samaki wakavu na chumvi sokoni Mpondwe, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Baba alifanya kazi mji wa Hima na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo kazi ya kusoma na kujibu ilimwangukia Ronah.

Mwanzoni aliifanya kwa bidii. Baadaye akaanza kuchoka. Kiingereza cha Barbara hakikufanana na kile cha vitabuni. Aliandika mambo ambayo Ronah aliyaona hayana maana. Mara aliandika, “Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, nikajiuliza kama maharage yako yamelowa.” Mara nyingine, “Mama amesema keki haiwezi kutumwa kwa posta, kwa hiyo nimekula kipande chako. Nisamehe.” Siku nyingine, “Kikombe cha Baba nimekiweka karibu na changu ili kisikae peke yake.”

“Anasemaje?” Bibi aliuliza huku amesogeza kiti.

“Anasema hawajambo. Kuna mvua.”

“Basi?”

“Basi, Bibi.”

Na Bibi alipotoa majibu yake, marefu, yenye kusitasita, Ronah aliyakata vilevile. Bibi alisema, “Mwambie nikisikia watoto wanacheka njiani, huwa nachungulia nione kama ni yeye, ingawa najua yuko mbali.” Ronah aliandika kwa Kiingereza, “Bibi hajambo. Anakusalimu.”

Mwanzoni ulikuwa uvivu. Kisha kikaingia kitu kingine ambacho Ronah hakutaka kukitaja hata moyoni mwake. Barbara aliyekuwa mbali alipelekewa maneno matamu, na yeye aliyebeba maji aliulizwa tu kama amekula. Mwezi wa Septemba zilipokuja habari kwamba Barbara na mama yake watakuja Desemba, Bibi aliimba wiki nzima. Ronah alinuna wiki nzima.

Mwalimu wa Kiingereza darasani kwao aliitwa Apio. Baba yake alikuwa askari, naye alikulia kambini, leo wilaya hii, kesho ile. Labda ndiyo sababu alizungumza kwa kuamrisha. Wanafunzi walimwita “Afande” akiwa hayupo.

Ijumaa moja ya Oktoba aliandika ubaoni sentensi moja ya Kiingereza: *I am fond of my aunt.* Wanafunzi wakacheka kichinichini.

“Kimya! Bright, simama. Inasema nini?”

“Inasema, nampenda shangazi yangu, Mwalimu.”

“Keti. Umepata. Sasa sikilizeni. Sentensi hii ni sahihi, mtihani utawapa alama. Lakini mkisoma barua za Waingereza, hamtaiona mara nyingi. Wengi wao wanaona haya kusema waziwazi. Upendo wanautia ndani ya mambo madogo, chakula, mvua, barabara. Mtu anaandika, ‘Nimekuachia taa ikiwaka.’ Mwingine anaandika, ‘Angalia ngazi ya mwisho, inateleza.’ Neno kupenda liko wapi hapo?”

“Halipo, Mwalimu!”

“Halipo. Lakini anayeandika anampenda au hampendi?”

Darasa likajibu kwa pamoja kwamba anampenda. Kipande cha keki kilimjia Ronah akilini, kisha kikombe kilichowekwa karibu na kingine. Mguu wake ulianza kugonga chini ya dawati, na hakuweza kuuzuia mpaka kengele ilipolia.

Kesho yake, Jumamosi, aliichukua simu kwa haraka. Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja: “Hatujambo. Nakusalimu, Bibi.” Chini yake mama yake Barbara alikuwa ameandika maneno yake. Alisema Barbara haulizii tena habari za safari. Anaona bibi yake hana haja naye, kwa sababu kila anachoandika hakijibiwi. Jumatano ndiyo siku ya mwisho ya kuahirisha tiketi, na huenda ikawa vizuri waahirishe.

Ronah aliigeuza simu, kioo kikaangalia chini.

“Anasemaje?” Bibi akauliza.

“Hawajambo, Bibi. Wanakusalimu.”

Bibi aliacha kuchambua maharage. “Mtoto huyu amepungua maneno. Hata yakipitia kwako nasikia. Labda amechoka na mwanamke mzee asiyemjua.”

Mchana huo Bibi alikula vijiko viwili tu vya wali. Jumapili baada ya ibada alimwambia Mama Gorret kwamba goti limepata nafuu, na kwamba afadhali arudi Kyarumba kwake, kwani hapa hakuna tena anachongojea. Ronah aliingia ndani, akatoka, akaenda bombani na dumu ambalo tayari lilikuwa na maji.

Jumatatu alifika shuleni kabla ya wenzake. Alimkuta Mwalimu Apio akisahihisha madaftari ofisini.

“Mwalimu, naomba unisaidie kuandika barua ya Kiingereza. Iwe nzuri sana.”

“Ya nani?”

“Ya bibi yangu.”

“Sema yote. Usinipe nusu.”

Ronah alisema yote, huku akitazama vidole vya miguu yake. Alipomaliza, Mwalimu Apio alifunika kalamu.

“Bibi yako anajua haya?”

“Hapana.”

“Basi unataka kuandika maneno mazuri ambayo Bibi hakuyasema, ili kufuta mabaya ambayo Bibi hakuyasema vilevile. Kosa ni lile lile.”

“Lakini Jumatano, Mwalimu…”

“Leo ni Jumatatu. Kiingereza nitakusaidia. Lakini hatuanzii kwenye Kiingereza, tunaanzia nyumbani. Nenda ukamwambie. Ukikwama kwenye neno, uje.”

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Ronah alikosea hesabu tatu rahisi. Kengele ya mwisho ilipolia alikimbia hadi nyumbani, kisha alipofika mlangoni akasimama.

“Umekula?” Bibi aliuliza kutoka barazani.

Ronah alianza kulia hapo hapo. Kati ya kilio na kwikwi alieleza kila kitu, keki, kikombe, mvua, na majibu yote aliyoyakata. Mama Gorret, aliyekuwa amerudi mapema, alisimama na kanga mkononi.

Bibi alisukuma maharage kando. Kisha akauliza, “Kwa nini?”

“Kwa sababu yeye unamwambia maneno matamu. Mimi unaniuliza kama nimekula. Unaniambia nipite pembeni.”

Bibi alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari ya ajabu.

“Wewe mtoto. Yule siwezi kumpikia. Siwezi kujua amelala njaa au ameshiba, wala siioni barabara anayopita. Kwake sina kingine cha kumpa ila maneno. Wewe nakuona. Unafikiri nakaa hapa barazani kila jioni kwa ajili ya maharage? Goti hili linataka kitanda. Nakaa mpaka nione umevuka.”

Ronah alifuta uso kwa kiganja. Hakuwa amewahi kulifikiria hilo.

“Sijamaliza,” Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa kali sasa. “Umenikosea, na umemkosea yatima. Nilidhani mjukuu wangu hana la kuniambia. Naye alidhani mimi ni jiwe. Lete simu. Nisomee zote, tangu ya kwanza. Usiruke hata moja.”

Jumbe zote zilikuwa bado kwenye simu. Ronah alisoma moja baada ya nyingine, pole pole, akitafuta maneno ya Lhukonzo yanayofaa. Aliposoma habari ya keki, Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Aliposoma habari ya kikombe cha Syahuka, Bibi alijifunika uso kwa kitambaa chake.

Kisha Bibi akasema, naye Ronah akaandika. Bibi alisema maharage hayakulowa, yalianikwa mapema. Alisema amemsamehe kuhusu keki, ila Barbara akija, Bibi atamlia kipande chake cha viazi vitamu ili walipane. Alisema huwa anachungulia njiani. Palipokuwa na neno gumu Ronah aliliandika pembeni, na Jumanne asubuhi Mwalimu Apio alimsaidia, lakini hakumruhusu aongeze wala apunguze.

“Bibi yako ameandika kama Mwingereza,” mwalimu alisema. “Usiharibu.”

Mwishoni Ronah aliongeza maneno yake mwenyewe: “Barbara, ni mimi Ronah niliyekata maneno ya Bibi, na yako pia. Nilikuwa na wivu. Bibi hana kosa. Ukija utalala kwangu, kitanda kinatutosha.” Mchana wa Jumanne, Mama Gorret aliutuma ujumbe ule kutoka sokoni.

Jioni hakukuwa na jibu. Jumatano asubuhi pia hapakuwa na jibu, na mama akaondoka na simu. Darasani Ronah alisikia saa ya ukutani zaidi kuliko alivyowasikia walimu. Masomo yalipokwisha hakwenda nyumbani. Aliteremka barabara mpaka Mpondwe, akipita pembeni, akajipenyeza kati ya wabeba mizigo hadi kwenye meza ya mama yake.

“Simu, Mama!”

“Imezima, chaji imekwisha. Nimeipeleka kwa Abubaker ichajiwe.”

Ronah alikimbilia kwenye kibanda cha Abubaker, ambako simu zaidi ya ishirini zilikuwa zimepangwa kwenye ubao. Mwanamke mmoja kutoka ng’ambo ya mpaka alikuwa akingojea yake.

“Mutoto, iko nini? Unatetemeka kama mutu ya malaria,” alisema.

“Nangojea jibu, Mama.”

“Basi mupe kwanza yake,” mwanamke alimwambia Abubaker. “Yangu itangoja.”

Simu ilichukua muda kuwaka. Ndipo ikalia mara mbili. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mama yake Barbara. Tiketi hazikuahirishwa. Wa pili ulikuwa wa Barbara mwenyewe: “Nimesoma mara nne. Nilikukasirikia mpaka mara ya tatu. Unalala upande gani wa kitanda? Nauliza kwa sababu mimi hupiga mateke.”

Ronah alisoma tena, kisha akacheka peke yake katikati ya soko, machozi yakimtoka. Hapakuwa na neno kupenda mahali popote. Alipanda barabara kwenda nyumbani, na safari hii aliyasoma yote mbele ya Bibi, pamoja na hasira na mateke.

Usiku ulikuwa bado haujaingia Mama Gorret aliporudi. Bibi alimwambia kwamba habari za kwenda Kyarumba ziachwe mpaka wageni wafike, waende pamoja. Kisha akamwita Ronah akae karibu naye.

“Kazi yako bado ni ile ile,” alisema. “Sitamtafuta mtu mwingine. Lakini ujue kazi hiyo ni nini. Mtu akikupa maneno yake umpelekee mwenzake, amekupa moyo wake uubebe. Si wako, hata kama unakuuma. Ukiwa na lako, liseme kwa jina lako, kama ulivyofanya jana. Na mtu asipokuambia anakupenda, usikimbilie kusema hakupendi. Kwanza angalia anakuuliza nini kila siku.”

“Nimesikia, Bibi.”

“Haya. Andika sasa, mwambie yule mtoto aje na sweta. Desemba kule kwangu juu kuna baridi.”

Ronah akaandika neno kwa neno.