Saini ya Pili

Kilichomshtua Kinda kwanza ni wino. Daftari la dawa hatari lina nafasi mbili za saini kila mstari, kwa kuwa dawa hizo hazihakikiwi na mtu mmoja: mmoja husoma na kuvuta dawa kwa bomba, mwenzake hutazama, wote hutia saini. Mchana ule Kinda alikuwa peke yake kwenye chumba cha dawa, kama alivyokuwa kwa wiki tatu tangu aajiriwe, na nafasi ya pili ilikuwa imeshajazwa. Wino ulikuwa bado mbichi.

Alikuwa muuguzi aliyefuzu, ndiyo, lakini cheti chake hakijapata hata fremu, na tayari ameachiwa wodi ya vitanda thelathini na viwili yeye na mhudumu wa usafi. Alipoomba mtu wa kumwongoza, metroni alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza kama chuoni walikuwa wakifundishwa kusuka nywele. Akamwambia ajaze nafasi zote mbili mwenyewe, mbona wenzake wanafanya hivyo. Kinda alizimeza hasira zake. Mgeni hana pa kuzitemea.

Kughushi saini hakutaka. Basi alijitungia kaupuuzi kake: anasoma dawa kwa sauti, anageuza shingo, anauliza kama ni sawa, ananyamaza kidogo kana kwamba kuna mtu, ndipo anaendelea. Siku mbili baada ya ule wino, chumba kilijaa harufu ya marashi ya waridi, mazito, kama nguo iliyofungiwa kabatini miaka mingi.

"Sawa," ikajibu sauti ya kike nyuma ya sikio lake.

Hakumwambia mtu. Amwambie nani, metroni? Na aibu ni hii: pamoja na kuogopa, alifarijika. Hatimaye kulikuwa na mtu anayemjibu.

Ijumaa, mabomba madogo ya insulini yaliisha. Mzee wa kitanda cha nne, aliyekuwa akimwita "mke wangu" na kumtania kwamba mahari anaiandaa, alipaswa kupata yuniti kumi kabla ya chakula. Kinda akachukua bomba la kawaida, akavuta mpaka kwenye alama ya mililita moja, akauliza, akajibiwa sawa, lakini hakuridhika, akauliza tena, na safari hii harufu ya waridi ilimziba pua, chupa zikagongana rafuni bila kuguswa, na mkono wa baridi asiouona ukamshika kiwiko ukamsukuma taratibu mlangoni, huku sauti ikimbembeleza, "Sawa, mwanangu, nenda, mzee anasubiri," naye miguu ikaenda.

Mlangoni aligongana na Mama Miwani, muuguzi mkongwe aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Mama Miwani alivuta pumzi puani mara moja, akamkamata kifundo cha mkono.

"Nani amehakiki hiyo?"

"Huyo wa nyuma," Kinda alinong'ona.

Mama Miwani hakucheka. "Mililita moja ina yuniti ngapi?"

"Mia." Neno lilipotoka ndipo alipolisikia: mkononi alikuwa na dozi ya kuua.

"Na mzee kaandikiwa?"

"Kumi."

"Sawa," sauti ikasema, sasa kutoka pembe zote.

"Si sawa," alisema Mama Miwani bila kupaza sauti. "Ondoka. Mwenye nafasi hii amefika."

Harufu ikakatika papo hapo. Mama Miwani alimkalisha Kinda, akamwambia kwamba hata yeye kitu kile kilimjibu mwaka wake wa kwanza, na kwamba hakikai penye watu wawili.

Kwa siku kumi na mbili alisimama naye begani. Soma tena. Umevuta kiasi gani? Kwa nini? Kinda alikosea, akarekebishwa bila kutukanwa, na mikono yake ikatulia. Kisha metroni akaona wauguzi wawili chumba kimoja ni anasa. Mama Miwani akapelekwa kukaa mapokezi kuandika kadi, na wodi ya jirani akaachiwa binti aliyefuzu juzi. Kinda aliomba awe anakwenda kuhakiki naye dawa. Metroni akamwambia kila mtu abaki wodini kwake.

Jumatatu mchana, Kinda akikunja shuka, alimsikia binti kupitia ukuta akisoma kwa sauti: insulini, yuniti kumi. Akauliza, "Sawa?" Kisha harufu ya waridi.

Aliangusha shuka akakimbia, amri ya metroni ikaenda zake. Alimkuta binti kando ya kitanda, amebana pamba kwenye mkono wa mgonjwa, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aripoti kazini.

"Usihangaike, dada," binti alimwambia kwa sauti ya chini. "Tumeshahakiki wawili."

Bomba lililokuwa mkononi mwake lilikuwa la kawaida, na lilikuwa tupu.