Kura ya Spana

"Kura ya mwisho… Sindano! Unatoka."

Sindano hakumtazama mtangazaji. Alimtazama Spana, fundi wa magari aliyempenda humo humo porini, kwenye shindano hili la kuishi msituni mbele ya kamera. Asubuhi ile walikuwa wameapa pamoja kwamba atakayetoka ni Wakili, mshindani wao mkali.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umeenda kupanga na Wakili?"

"Mguu wako unaoza, mpenzi. Kila nikikuambia umwone daktari, unaniambia niache."

"Kwa sababu anayemwona daktari anatoka!"

"Ndiyo maana nimekutoa."

Sindano alibeba begi lake mwenyewe. Mkono alionyooshewa na Spana aliupita kama mti.

Hospitalini daktari alilisafisha jeraha akitikisa kichwa. "Ungekawia kidogo, tungeukata huu."

Dada yake, aliyekuja kumuuguza, akadakia pale pale: "Umesikia? Yule kaka kakuokoa, na wewe umemnunia."

"Kaniokoa, dada, sikatai. Lakini mguu wangu kaenda kuujadili na Wakili, mimi mwenyewe nimekaa hapo hapo. Mimi ni mzigo?"

Dada akamenya chungwa.

Wengine wakatolewa mmoja mmoja, wakabaki Spana na Wakili. Spana alipotoka porini na kurudishiwa simu, ujumbe wake wa kwanza ulikuwa huu: "Mguu unaendeleaje? Nisamehe."

Sindano akajibu: "Umepona. Mengine tutaongea studio."

Siku ya fainali waliotolewa ndio waliopiga kura ya kumchagua mshindi. Zikalingana. Ikabaki ya Sindano.

"Una swali kwao?" mtangazaji aliuliza, macho yakimng'aa.

"Ninalo. Spana, kwa nini hukuniambia kabla?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, tungegombana, ningelia. Halafu?"

"Halafu… labda ungenielewa."

"Na wewe, Wakili?"

"Mimi nilikuambia usoni: nikipata nafasi, nakutoa. Nikaipata."

Ukumbi ukacheka. Sindano hakucheka.

"Kura yangu ni ya Wakili."

Kelele zililipuka. Dada yake, kule kwenye viti vya nyuma, alijishika kichwa.

Baadaye Spana alimkuta kwenye korido, mafundi wakipita na nyaya mabegani.

"Umenikomoa."

"Sijakukomoa. Wakili kacheza bila kunizunguka, kastahili. Nimekunyima ushindi, Spana. Moyo sijakunyima."

Spana akamtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Yaani bado…?"

"Bado. Ila sikiliza. Mimi si gari, kwamba unafungua boneti unatengeneza mwenye gari kalala. Jambo langu linaanzia kwangu. Ukishindwa hilo, njia ile pale."

"Sishindwi."

"Maneno hayo."

Spana akajipangusa uso kwa kiganja.

"Basi nikitaka kuja kwenu kuposa, nianze kwa nani? Dada? Wazee?"

"Unamuuliza nani hapo?"

Spana akaelewa, akamgeukia.

"Nataka kukuoa. Unanitaka?"

"Nakutaka, bwana wewe! Sasa twende ukamsalimie dada, kabla hajaja kunichapa kwa ile kura."