Moto Wenye Kibali

Vibuyu-ruka mia mbili viliinuka kwa pamoja kutoka kituo cha Isunga, kila kimoja kimebeba lita themanini za maji, vikaelekea kwenye moshi uliofunika msitu wa miombo. Mhandisi Nyamizi Lubeleje, aliyevibuni, alishusha pumzi. Hata hajakaa, vikageuka vyote na kurudi na maji yake.

"Nini tena?" alifoka.

Ubongo-mkuu, mtambo unaoviongoza, ulimjibu kwa upole ule ule uliokuwa ukimuudhi. "Moto huu una kibali. Moto wenye kibali hauzimwi."

Nyamizi alifungua kumbukumbu. Meneja wa hifadhi, Bwana Shilinde, alikuwa ameidhinisha kuchoma majani kitalu cha saba. Kazi hiyo hufanywa Juni, majani yakiwa bado mabichi. Yeye kachoma Septemba, upepo ukivuma! Akampigia.

"Moto wako umekushinda, Bwana Shilinde. Futa kibali."

"Usiwe na haraka, Mhandisi. Nikifuta itaandikwa kosa ni langu. Kesho tuna kikao, tutalijadili."

"Kesho mtajadili majivu! Mzee Lugendo na mkewe wako huko kwenye mizinga yao ya nyuki!"

"Mtambo hauoni mtu."

Kweli haukuona. Ungemwokoa mtu hata kwenye moto wenye kibali, lakini ulitambua wenye bangili za utambulisho tu, na warina asali hawakuwahi kupewa. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyeupanga hivyo, usije ukababaishwa na nyani.

Aliubembeleza, akautukana, akarudia amri mara tano. "Moto huu una kibali." Basi akalowesha koti, akajifunika, akawasha pikipiki na kuingia kitalu cha saba, bangili ikimeta mkononi.

Moshi ulimwangusha. Alikuwa akitambaa aliposikia mvumo juu yake: vibuyu vyote vimekuja kumwokoa, vinamwaga maji. Akasonga mbele akiita, navyo vikamfuata, mpaka korongoni alipowakuta wawili hao wamelala mchangani. Mzee Lugendo alikuwa akikohoa. Mkewe, Bi Kabula, hakuwa akipumua tena.

Redio ikakoroma. "Hongera, Mhandisi!" ilikuwa sauti ya Shilinde. "Moto unazimika, na taarifa inaonyesha hakuna aliyekufa."

"Anasemaje huyo, mwanangu?" aliuliza mzee.

Nyamizi aliizima redio.

"Hana analosema, baba. Mshike mabegani, mimi nitashika miguu."