Kabla Sebahire Hajaenda Rubaya

Kila asubuhi, kabla ukungu haujatoka juu ya vilima vya Kingi, Rosalie alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uwanja na kula muhogo uliobaki jana. Kisha alivaa shati lake jeupe na sketi ya bluu, akaenda kwenye njia panda kumngoja Umutoni. Umutoni alifika na bidoni, dumu la maziwa, kichwani. Walipitia kwenye nyumba ya kutengenezea jibini, wakaacha maziwa pale, halafu wakateremka pamoja kwenda shule. Walikuwa darasa la sita, na tangu darasa la tatu walikaa dawati moja.

Nyumbani kwa Rosalie walilima maharagwe na muhogo. Baba yake, Papa Raphaël, alikuwa pia pasta wa kanisa dogo la Kiprotestanti karibu na soko. Nyumbani kwa Umutoni walifuga ng'ombe juu ya kilima, nao walikuwa Wakatoliki. Umutoni alikwisha kupata komunyo ya kwanza, na aliimba katika kwaya ya watoto parokiani. Jambo hilo halikuwahi kuwatenganisha, mpaka Mwalimu Esdras alipotoa kazi ya somo la dini.

Mwalimu aliwataka wanafunzi wa kila dawati waandike ukurasa mmoja: kanisa lako linafundisha nini juu ya kuishi kama Mkristo, ni wapi mnakubaliana, na ni wapi mnatofautiana. Kazi ingesomwa mbele ya darasa Jumatatu iliyofuata. Aliwaonya wasiandike maneno waliyoyasikia barabarani juu ya kanisa la wengine. Kila mmoja aseme la kwake, na mwenzake asikilize.

Jumanne, walipotoka shuleni, wasichana hao walikata njia kupitia malisho ya Papa Rutayisire, baba yake Umutoni. Upande wa chini, malisho yalifungwa kwa lango la miti mitatu iliyolazwa, na hatua chache kutoka hapo lilianza shamba la maharagwe la Mama Noëlla, mjane aliyekuwa akimlea binti yake peke yake.

Walikuwa wakizungumza juu ya kazi ya mwalimu. Umutoni alieleza kwamba kwao mtoto hubatizwa akiwa mchanga, kwamba Mkristo hulishwa na Misa na sakramenti, na kwamba akitenda dhambi huenda kwa padri kuungama. Imani, alisema, lazima iende pamoja na matendo ya upendo. Rosalie alieleza kwamba kwao mtu hubatizwa akiwa na umri wa kuamini mwenyewe, kwamba anaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na matendo mema ni matunda ya imani hiyo. Dhambi zake huziungama kwa Mungu mwenyewe.

Mpaka hapo yalikuwa mazungumzo mazuri. Lakini walipofika langoni, Rosalie alisema, huku akichomoa ile miti, "Ninyi munapita kwa padri kwa sababu hamujui kuomba wenyewe."

Umutoni alisimama. "Na ninyi munajisamehe wenyewe, halafu munalala."

Rosalie alikasirika, akatangulia bila kutazama nyuma. Umutoni alipita polepole ili asitembee naye, macho yake yakiwa chini. Aliyechomoa miti alikuwa Rosalie, na aliyepita wa mwisho alikuwa Umutoni. Hakuna aliyeirudisha.

Asubuhi iliyofuata, kijiji kizima kilijua. Ng'ombe walikuwa wameingia katika shamba la Mama Noëlla jioni ile. Maharagwe yaliyokuwa yametoa maua yaliliwa, na yaliyobaki yalikanyagwa matopeni. Mama Noëlla alisimama katikati ya shamba lake na jembe begani.

Papa Rutayisire alimwita Sebahire, mtu aliyemchungia ng'ombe kwa miaka kumi na mmoja. Sebahire alisema kwamba saa sita mchana alikagua lango na kulikuta limefungwa, kisha akampeleka zizini ndama aliyeumia mguu. Papa Rutayisire hakumwamini. Alhamisi alimwachisha kazi. Sebahire alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, na goti lake moja lilikuwa bovu. Alisema kwamba Jumatatu ataondoka kwenda Rubaya, kubeba mizigo ya wachimbaji wa madini ya koltani, maana hakujua mahali pengine pa kupata chakula.

Mambo hayakuishia hapo. Kwenye chemchemi Rosalie alisikia vijana wa upande wa mashamba wakisema kwamba ng'ombe waliachiliwa kwa makusudi, na kwamba wakiingia tena watakatwa miguu. Papa Raphaël alipita nyumba kwa nyumba akiwatuliza. Lakini watu waliokuwa wakisalimiana kila siku walianza kupishana njiani kimya.

Alhamisi hiyohiyo, dawatini, Rosalie na Umutoni walinong'onezana kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wao.

"Wewe njo ulitoa miti, ni wewe," Umutoni alisema.

"Na wewe njo ulipita wa mwisho."

Baada ya hapo hawakusemeshana. Katikati yao ukurasa wa mwalimu ulikuwa bado mweupe.

Rosalie hakuwa mtoto mbaya, na jambo lile lilimsumbua sana. Jioni alipiga magoti nyuma ya nyumba, akamwambia Mungu kila kitu, akalia. Alipoinuka alihisi moyo umekuwa mwepesi. Lakini Ijumaa alimwona Sebahire akipita barabarani, akichechemea, akiuza sufuria yake moja kwa majirani. Uzito ulirudi pale pale.

Jumamosi mchana alikuwa uwanjani na baba yake wakichambua mbegu. Alimwuliza, kana kwamba ni kwa ajili ya kazi ya shule: mtu akitubu mbele ya Mungu peke yake, je, yameisha?

Papa Raphaël alitupa pembeni punje mbili zilizooza.

"Mungu anasamehe, na hatungojei mtu mwingine atupe ruhusa ya kumwomba," alisema. "Hiyo njo tunafundisha. Lakini kama nimesimama juu ya mguu wako, Rosalie, nikaanza kuomba msamaha kwa Mungu, nikaomba vizuri sana, na mguu wangu bado uko juu ya wako, utasema nimetubu?"

"Hapana, Papa."

"Basi kwanza nitoe mguu."

Alimtazama binti yake, kisha akarudi kwenye mbegu zake. Rosalie aliendelea kuchambua mbegu, na hakuona tena ipi nzuri na ipi mbaya.

Jumapili, ibada yao ilipokwisha, hakwenda nyumbani. Alikimbia mpaka parokiani na kusimama nje, karibu na ukuta, mpaka Misa ilipomalizika. Umutoni alitoka na wanakwaya wenzake, akamwona, akaja moja kwa moja.

"Nilitaka kuja kwenu," alisema Umutoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Jana nilienda kuungama."

Rosalie hakutaka kuuliza zaidi, lakini Umutoni alieleza mwenyewe. Padri alimsikiliza mpaka mwisho. Umutoni alikuwa amefikiri atapewa sala za kusali, kisha atarudi nyumbani na mambo yamefutika. Padri alimpa sala, ndiyo. Lakini alimwambia pia kwamba kitubio hakimfichi mtu nyuma ya sanduku la kuungamia. Mtu mwingine alikuwa anabeba mgongoni kosa la Umutoni, na lazima yeye aende kumtua mzigo huo.

"Alisema niende kabla Sebahire hajaondoka. Niliogopa kwenda peke yangu."

Rosalie alimwambia habari ya mguu. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza wiki ile Umutoni alicheka kidogo. Baba na padri hawakuwa wamezungumza, na mmoja alisali kwa namna isiyofanana na ya mwingine, lakini wote wawili walikuwa wamewatuma kwenye mlango uleule.

Sebahire aliishi katika nyumba ya udongo chini ya kilima. Walimkuta akifunga blanketi lake kwa kamba. Walisalimia. Rosalie akasema haraka, kabla ujasiri haujamwisha, kwamba yeye ndiye aliyefungua lango. Umutoni akasema kwamba yeye ndiye aliyeliacha wazi. Walikuwa wakigombana, na hawakulikumbuka tena.

Mzee yule aliacha kamba ikaanguka. Alikaa juu ya kigogo cha mti, akashika goti lake. Wasichana walingoja wafokewe.

"Siku hizi zote," alisema taratibu, "nililala nikijiuliza kama njo mimi nilisahau. Nilianza kusema, pengine ni uzee. Pengine hata akili yangu haiko tena sawa." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Muliniumiza sana, batoto. Lakini mumenirudishia akili yangu."

Alipanda nao kilimani, akitembea polepole, nao wakimfuata bila kumpita. Papa Rutayisire alikuwa nje akikama ng'ombe. Alipomsikia binti yake akieleza kilichotokea langoni, aliweka chini chombo cha maziwa na kusimama wima. Umutoni alirudi nyuma hatua moja, maana baba yake hakuwa mtu wa kuzungumza sana. Lakini maneno ya kwanza ya Papa Rutayisire hayakuwa kwa watoto.

"Sebahire," alisema, "kwa miaka kumi na mmoja hukuwahi kunidanganya. Nilipaswa kukumbuka hilo. Nisamehe. Fungua blanketi lako, ng'ombe wako wanakungoja."

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa imebaki. Walishuka wote wanne mpaka kwa Mama Noëlla, wakimpitia Papa Raphaël njiani, na Rosalie akamweleza baba yake yote huku wakitembea. Alimshika bega, wala hakumwachilia mpaka walipofika. Baadhi ya vijana waliokuwa wakitoa maneno makali walisogea karibu ili wasikie. Mbele yao wote, wasichana walirudia habari ile tangu mwanzo. Wale vijana walitazama chini, mmoja wao akaondoka, halafu wengine wakamfuata.

Mama Noëlla aliwasikiliza akiwa amefumbata mikono. Alisema kwamba maharagwe yale yalikuwa chakula cha miezi minne, chake na cha mtoto wake. Papa Rutayisire aliahidi samadi kwa shamba lote, na maziwa kila asubuhi mpaka mavuno mapya. Papa Raphaël aliahidi mbegu. Rosalie na Umutoni walisema kwamba watalima, watapanda na kupalilia.

"Munaomba nisamehe," alisema Mama Noëlla. "Nitasamehe, maana hata mimi nasali. Lakini leo moyo wangu bado unauma, sitawadanganya. Mufike hapa Jumamosi na majembe, nitaona."

Jioni hiyo wasichana walikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya Umutoni, wakaandika ukurasa wao. Safari hii kila mmoja alimwacha mwenzake amalize kusema. Jumatatu waliusoma mbele ya darasa, kwa zamu.

Waliandika kwamba Wakatoliki wana sakramenti saba, wanaungama kwa padri, na wanawaomba Bikira Maria na watakatifu wawaombee. Waprotestanti wa kanisa la Rosalie wanayategemea Maandiko peke yake, wanamwendea Mungu moja kwa moja kwa jina la Yesu, na wanabatizwa wakiwa wameamini wenyewe. Waliandika kwamba makanisa yote mawili yanafundisha Amri Kumi, sala ya Baba Yetu, na kumpenda jirani. Mwishoni waliandika walichokifanya langoni, na majina yao wote wawili.

Mwanafunzi mmoja aliuliza ni nani kati yao aliyeshinda ule ubishi. Rosalie alijibu kwamba juu ya ubatizo bado hawakubaliani kabisa, na Umutoni akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

Mwalimu Esdras alichukua karatasi yao, akaisoma tena.

"Sitaki mkubaliane kwa kulazimishana," alisema. "Watu wenye elimu kuliko mimi wamezungumza juu ya tofauti hizi kwa miaka mingi, nanyi mtaendelea kuzungumza, kwa heshima. Lakini tazameni kilichotokea. Siku mliyobishana sana juu ya namna ya kuishi kama Mkristo, ndiyo siku mliyomsahau jirani. Na siku mliyosema ukweli, mtu amerudi kazini kwake, na vijana wameacha kutafuta ugomvi. Kanisa lako likufundishe kwa njia yake, lifuate kwa moyo wote. Ila ukimkosea mtu, hakuna kanisa hata moja kati ya haya linalokuruhusu kujificha. Nenda, sema, tengeneza ulichoharibu."

Aliwarudishia karatasi.

"Mama Noëlla hatawauliza mnasali wapi," aliongeza. "Ataangalia mnafika saa ngapi shambani. Jumamosi mtafika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, Mwalimu," walijibu pamoja.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, walikuwa wamekwisha kulima mstari wa kwanza. Mama Noëlla alitoka nyumbani, akautazama mstari ule. Kisha akachukua jembe lake, akaingia kati yao.