Tak! Breka Imejizima Tena

Atupele ana miaka sita. Anaishi Mbeya na Mama, Baba na kaka yake Lusajo.

Leo asubuhi Atupele anarukaruka. Leo ni siku ya ishirini na moja! Leo vifaranga wataanguliwa!

Mayai kumi yamo ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Taa ndogo inayapa joto.

Atupele anasogeza sikio. Tik. Tik. Tik.

"Mama! Kuna mtu anagonga!"

"Ni kifaranga, mwanangu. Anataka kutoka."

Mara... Tak! Taa zimezimika. Nyumba nzima kimyaaa.

"Mama, umeme umekatika! Mayai yatapoa!"

Mama anachungulia nje. Redio ya jirani inaimba. "Umeme upo. Ni breka yetu imejizima."

Breka ni swichi ndogo, juu ukutani, ndani ya kisanduku. Watoto hawaigusi. Mama anaipandisha. Taa zinawaka.

Atupele anapiga makofi. Lakini punde... Tak! Kimyaaa.

"Ni hii mashine ya mayai," Lusajo anasema. "Tuichomoe."

"Hapana, kaka! Wamo ndani! Wanagonga!" Machozi yanamlengalenga.

Baba anatokea na shati mkononi. Mkono mmoja wa shati umenyooka, mwingine una makunyanzi. "Tusichomoe kitu," anasema. "Tuangalie kwanza."

Kila mtu anazima chombo chake. Mama anapandisha breka tena. Atupele anavuta kigoda. Anakaa. Anakodoa macho.

Mama anawasha jiko la umeme. Shwaaa! Chapati inaiva. Taa zinawaka.

Lusajo anawasha jagi la umeme la kuchemshia chai. Vuuuu! Taa bado zinawaka.

Baba anawasha pasi. Fsss...

Tak! Kimyaaa.

"Nimeona!" Atupele anaruka juu. "Nimeona, nimeona! Jiko, jagi na pasi! Vyote pamoja!"

"Tujaribu," anasema Mama. Anazima jiko. Anazima jagi. Anapandisha breka. Sasa ni pasi tu, na mashine ya mayai.

Wanangoja. Moja... mbili... tatu... kumi! Taa zinawaka.

"Siyo mashine!" Atupele anapiga kelele. "Siyo mashine!"

"Kweli," anasema Mama. "Mashine inatumia umeme kidogo tu. Jiko, jagi na pasi vinavuta umeme mwingi. Vikivuta pamoja, nyaya zinapata moto. Basi breka inakata, ili nyumba isiungue."

"Kwa hiyo twende kwa zamu!" anasema Atupele.

Baba anapiga pasi. Kisha Mama anapika.

"Na chai yangu?" anauliza Lusajo.

"Zamu yako bado, kaka."

Kisha Lusajo anachemsha chai. Hakuna tak. Hakuna kabisa!

Kra! Ganda linapasuka. Mdomo mdogo unachomoza. Kifaranga anatoka, amelowa, anatetemeka. Piu!

"Karibu!" Atupele anacheka. "Karibu nyumbani!"

Mpaka jioni wametoka tisa. Yai moja limebaki. Atupele anapiga miayo. Mama anamfunika blanketi.

Lusajo amepiga magoti mbele ya mashine. Hataki hata kula.

"Atu! Atu, njoo! Wa kumi ametoka!"

Atupele anakuja mbio, blanketi likiburuzika.

"Huyu ni wangu," Lusajo ananong'ona. "Sawa?"

"Sawa, kaka."

Atupele anaegemea bega lake. Macho yanajifumba. Kaka anambeba polepole hadi kitandani.