Bomba Ndani ya Shimo la Gereji

Grisi aliingia shimoni kila asubuhi hata kabla ya kunywa chai. Shimo lilikuwa katikati ya gereji ya baba yake, refu kama gari, na kina chake kilimzidi mtu mzima kimo. Gari lilisimama juu, naye akalitengeneza akiwa chini. Jina la Grisi alipewa na wateja, maana hakuna aliyewahi kumwona na mashavu safi.

Kwenye kona ya shimo kulichomoza bomba nene la chuma. Liliachwa na watu waliokuja zamani kutafuta mafuta. Walichimba mpaka chini sana, wakakosa, wakaenda zao. Baba yake Grisi, ambaye wote walimwita Fundi, alilifunika bomba kwa bamba la chuma akalichomelea. Kazi hiyo alijivunia sana. Grisi yeye alilifanya bomba kuwa kigoda chake.

Siku moja jirani yao, Mama Vipimo, alipiga hodi. Kazi yake ilikuwa kupima hewa na udongo.

"Karibu, jirani. Gari limekusumbua tena?" Fundi aliuliza.

"Leo gari halina neno. Nimekuja kikazi. Kiwanda cha saruji kitaanza kunasa hewa ya ukaa inayotoka kwenye tanuri zake. Ikienda angani inazidisha joto duniani. Kwa hiyo itasukumwa chini kabisa, ndani ya mwamba wenye vitundu. Juu ya mwamba huo kuna mwingine mgumu, ndio kifuniko."

"Basi si mmemaliza?"

"Bado. Kifuniko kikiwa na tundu, hewa itavuja. Tunatafuta visima vya zamani vya mafuta ili tuvizibe kwanza. Hapa kwako hakuna bomba?"

Fundi alipangusa mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. Wakiliona watafunga gereji, aliwaza, na wateja watakimbia.

"Hapa? Hakuna kitu."

Chini ya gari, Grisi alikuwa amelikalia bomba lenyewe. Alisikia kila neno. Hakutaka kumwaibisha baba yake, lakini moyo haukutulia. Akapanda juu.

"Shikamoo, mama. Hiyo hewa ikivuja, tutasikia harufu?"

"Marahaba. Hainuki wala haionekani. Nileteeni ndoo, kipande cha mshumaa, magadi na siki. Twendeni uani, hapa pana petroli."

Uani, Mama Vipimo aliusimamisha mshumaa ndani ya ndoo, akauwasha. Akanyunyiza magadi kuuzunguka, kisha akamimina siki taratibu pembeni. Povu likachemka. Mwali ukayumba, ukazimika.

"Nani kaupuliza?" Mama Vipimo aliuliza.

"Hakuna," Grisi alijibu.

"Povu hilo limetoa hewa ya ukaa. Ni nzito, hukaa chini na kuiondoa hewa tunayovuta. Ikijaa mahali, mtu huzimia. Na anayeruka kumwokoa, naye huzimia."

Fundi aliitazama ndoo. Kisha akatazama kule kwenye shimo.

"Bomba lipo," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini nililichomelea mwenyewe."

"Mkono wako naujua, jirani. Ila umefunga mdomo wa bomba tu. Kule chini hewa hii ikichanganyika na maji huwa kali, hula chuma polepole. Tena inaweza kupanda kwa nje, kati ya bomba na udongo. Lazima lizibwe kuanzia chini."

"Na wateja wangu je?"

"Baba," Grisi alisema, "wateja watarudi. Anayekaa humo shimoni ni mimi."

Fundi alikwenda kuliondoa gari juu ya shimo. Aliona haya, na zaidi ya haya, aliogopa.

Gereji ikafungwa. Mafundi wa mradi walikata bamba, wakasafisha bomba mpaka chini, wakajaza saruji maalumu isiyoliwa upesi. Ilipokauka waliijaribu kwa maji yaliyosukumwa kwa nguvu. Ikavuja. Wakarudia upya, na safari hii ikashika. Hapo ndipo kiwanda kiliporuhusiwa kuanza kusukuma hewa chini.

Ukutani, chini shimoni, waliweka kipimo chenye king'ora.

"Kikilia, tokeni," Mama Vipimo aliagiza. "Ukimkuta mwenzako ameanguka, usishuke. Waite waokoaji wenye mitungi ya hewa."

Mteja mmoja hakurudi, na Fundi bado anamsema. Wengine wote walirudi. Mama Vipimo huja kupima mara kwa mara, na mpaka leo king'ora hakijalia ila anapokijaribu yeye.

Grisi sasa ana kigoda cha mbao. Huimba akiwa kazini, na sauti yake si ya kusifiwa. Zamani baba yake alimfokea anyamaze. Siku hizi akinyamaza tu, Fundi hupiga magoti ukingoni mwa shimo.

"Grisi! Unapumua?"

"Napumua, baba. Nipe spana."