Mshonaji wa Chumba cha Nyuma

Aliyesimulia kwanza habari hii ni mama mkubwa Paskazia, Pasaka ya mwaka 2021, jikoni kwake Ushirombo.

Duka la vitabu la Mzee Januari, pale Nyasubi mjini Kahama, lilikuwa la zamani kuliko lami ya mji. Lilianza kwa kuuza katekisimu na vitabu vya shule, kabla machimbo hayajaleta wageni. Sifa yake ilikuwa chumba cha nyuma, ambako vitabu vilivyochakaa vilishonwa upya. Mshonaji wa mwisho alikuwa Aneth, binti wa mama mkubwa. Alishonea mkono wa kushoto, hivyo mishono yake ililala upande usio wa kawaida.

Aneth aliugua asubuhi, akafa jioni. Tulimzika Ushirombo. Mzee Januari hakuajiri mwingine.

Mwaka uliofuata, mama mkubwa alimpa jirani kitabu chake cha nyimbo akipeleke dukani kushonwa. Akaenda kukichukua mwenyewe, jua likizama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Aneth. Kitabu chako hiki."

Alikifungua. Gundi ya muhogo ilikuwa bado vuguvugu. Akapitisha kidole kwenye mishono.

Ililala upande wa kushoto.

"Nani anakushonea siku hizi?"

"Mikono haikosekani."

Nyuma ya pazia, uzi ulikuwa ukivutwa kwenye karatasi. Sss... Kimya. Sss...

Chini ya pazia lilionekana bakuli la pumba, limeliwa nusu. Kwetu kila mtu anajua ni nani hulishwa pumba. Msukule, yule anayedhaniwa amezikwa kumbe mwili wake umeshachukuliwa kwa uchawi, akatumikishwa, ulimi umekatwa asiseme.

"Hizo pumba?"

"Za kuku."

"Kuku wako wanasoma vitabu, mzee?"

Mama mkubwa akasogea karibu na pazia, akanong'ona, "Aneth..."

Uzi ukanyamaza.

"Mayu, mama yangu, usimwite mtu usiyejua kama utaweza kumlea," alisema Mzee Januari, polepole.

Mama mkubwa akalivuta pazia.

Kigoda kitupu. Mlango wa uani wazi. Sindano ilikuwa ikining'inia kwenye uzi, inapembea.

Uani hakukuwa na kuku hata mmoja.

Wiki hiyohiyo duka lilifungwa, Mzee Januari akahamia Masumbwe. Wajomba walitaka kaburi lifukuliwe. Mama mkubwa akakaa juu yake, akakataa kuinuka.

"Mkimkuta, nitamzika mara ya pili," aliwaambia. "Msipomkuta, nitalala vipi?"

Halijafukuliwa hadi leo.

Mzee Januari alifariki mwaka jana. Mama mkubwa yu hai, na kitabu hakitumii, wala hakitupi. Kuhusu Aneth, mama mkubwa hajaniruhusu kumwandika hapa kati ya walio hai, wala kati ya marehemu.